Fulana ya Bati: Kumbukumbu ya Kutengeneza Frottoir Hapa Houston

Januari, wiki ya pili

Nimeamua kutengeneza frottoir kwa mikono yangu, na nitaandika hapa kila hatua ili fundi mwingine wa bati anayesoma Kiswahili asirudie makosa yangu. Frottoir ni ala ya kukwaruza inayovaliwa kifuani kama fulana. Ni bati lenye matuta madogo yaliyolala, linaloning'inia mabegani kwa kulabu mbili pana, na mpigaji hulikwaruza kwa opena za chupa au kwa vijiko huku akicheza. Ala hii ndiyo inayoubeba mdundo wa zydeco, muziki wa Wakrioli weusi wa kusini-magharibi mwa Louisiana, huku bendi ikiongozwa na mpiga akodiani, kinanda cha mkononi kinachovutwa na kubanwa. Jina la frottoir limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kusugua, kwa kuwa ala yenyewe ilizaliwa na ubao wenye matuta wa kufulia nguo.

Ufundi wa bati nilijifunza katika mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa mjomba wangu aliyekuwa akitengeneza ndoo, makarai na majiko ya mkaa. Sasa naishi Houston, Texas, Marekani, ambako kazi yangu ni kukunja na kufunga mifereji ya hewa ya viyoyozi. Muziki huu niliukuta hapa hapa mjini, kwa sababu Wakrioli wengi walihamia Houston tangu miaka ya 1920 na kuanzisha mtaa wao ulioitwa Frenchtown. Hata hivyo, kilichonifanya nichukue mkasi wa bati si muziki peke yake bali ni kisa kimoja.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1946 Clifton Chenier, mpiga akodiani mzaliwa wa Opelousas, alimwendea Willie Landry, fundi wa chuma huko Port Arthur, Texas, ambako kutoka hapa ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Hadi wakati huo wapigaji walikuwa wakiufunga ubao wa kufulia kwa kamba shingoni, nao ulikuwa ukiyumba na kuwachosha. Chenier akainama, akachora mchangani umbo alilolitaka, yaani bati lenye mabega yake, na Landry akalitengeneza. Aliyelivaa ni Cleveland, kaka yake Clifton. Niliposoma kisa hicho nilimkumbuka mjomba, ambaye wateja wake wengi hawakuwahi kumletea mchoro wa karatasi. Walikuwa wakichuchumaa mbele ya banda, wakichora kwa kijiti kwenye vumbi, naye akisimama juu yao akiuliza upana na kina. Ala ya muziki inayojulikana sasa duniani kote ilizaliwa kwa namna ile ile, na sijawahi kujisikia karibu na ufundi wa watu wa mbali kama nilivyojisikia siku hiyo.

Februari, wiki ya kwanza

Jaribio la kwanza limeshindwa, na sababu zake ni mbili.

Kwanza, nilitumia mabaki ya bati la mabati, lile lililopakwa zinki tunalotumia kwa mifereji ya hewa. Ni laini, na matuta yake yalianza kulala baada ya nusu saa ya kukwaruza. Sauti yake nayo ilikuwa butu, kama mtu anayepangusa meza. Bati la paa nilikuwa nimeshaliweka kando tangu mwanzo, kwa sababu mawimbi yake yana upana wa milimita 76 kutoka kilele hadi kilele, na mkono hauwezi kupata mdundo wa haraka juu ya vilima vya aina hiyo.

Pili, na hili lilinikera zaidi kwa kuwa nilipaswa kulijua, nilisahau kwamba bati likipigwa matuta hufupika. Nilikata urefu wa sentimita 48, ambao ndio urefu wa kifua changu hadi kitovuni, kisha nikaanza kulikunja tuta baada ya tuta. Nilipomaliza, fulana iliishia juu ya mbavu. Kwa matuta yenye nafasi ya milimita 12 na kina cha milimita 4, bati hupoteza takriban sehemu moja kati ya tano ya urefu wake, kwa hiyo ili kupata sentimita 48 lazima uanze na 60. Mjomba angenitazama tu bila kusema neno.

Machi

Nimeagiza bati lisiloshika kutu lenye unene wa milimita 0.6, na muuzaji amechelewa kwa wiki mbili. Nimezitumia wiki hizo kusikiliza.

Ni Kwaresima sasa, na kipindi hiki kina nafasi ya pekee katika historia ya muziki huu. Wakrioli wengi ni Wakatoliki, na katika siku za mfungo dansi na ala za muziki viliwekwa kando. Watu waliimba nyimbo za juré kwa sauti tupu, wakipiga makofi na kukanyaga sakafu, na pengine wakikwaruza kitu. Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za jadi wa Marekani, alizirekodi baadhi yake huko Jennings, Louisiana, mwaka 1934. Nimezisikiliza usiku kwa usiku nikiwa nimefumba macho, na ninaamini kwamba frottoir imo ndani yake kabla haijatengenezwa. Miguu na viganja vinafanya kazi ile ile ambayo bati lilikuja kuifanya baadaye. Katika wimbo mmojawapo wa juré unasikika msemo kwamba maharage hayana chumvi, yaani familia haina hata kipande cha nyama ya chumvi cha kutia chunguni. Neno maharage kwa Kifaransa cha huko, likitamkwa pamoja na herufi inayolitangulia, ndilo linaloaminika kuzaa jina zydeco.

Nimejifunza pia kutowachanganya Wakrioli na majirani wao Wakajuni. Wakajuni ni wazao wa wakulima Wafaransa waliofukuzwa na Waingereza kutoka Acadia, katika Kanada ya leo, kuanzia mwaka 1755, na wengi wao wakafika Louisiana miaka kadhaa baadaye. Wakrioli ninaowazungumzia ni wazao wa Waafrika waliokuwa watumwa na wa watu weusi huru, waliochanganyika na Wafaransa, Wahispania na wenyeji wa nchi. Wameishi pamoja, wamepikiana, na wamepigiana muziki. Amédé Ardoin, Mkrioli mpiga akodiani, alirekodi nyimbo mwaka 1929 pamoja na Dennis McGee, Mkajuni mpiga fidla, katika nchi ambayo sheria na desturi ziliwatenga weusi na weupe karibu kila mahali pengine. Nao Wakajuni wana chuma chao. Ni pembetatu ndogo, iliyokuwa ikipindwa na wahunzi kutoka kwenye meno ya reki za kukusanyia nyasi kavu. Mmoja alichukua chombo cha kufulia, mwingine chombo cha shambani, na wote wakavipeleka dansini.

Aprili, wiki ya tatu

Bati limefika. Kwa kuwa ni gumu kuliko lile la kwanza, nimetengeneza kalibu ya fito mbili za chuma zilizochomelewa kwenye kipande cha reli, na ufito wa tatu unaobonyezwa katikati yao kwa jeki ya gari. Kila tuta linahitaji mibonyezo mitatu, katikati kisha pembeni mbili, la sivyo bati linajipinda kama ganda la ndizi. Tuta moja linachukua dakika nne. Nilipiga matuta 40 kwa jioni tatu, na tuta la 23 limeingia ndani zaidi kidogo ya mengine kwa sababu nilikuwa nikijibu simu. Linasikika. Mkono ukishuka, sauti inajikwaa hapo.

Kingo nimezikunja kwa njia ya karai, yaani nimetia waya ndani ya mkunjo na kuufunga kwa nyundo ya mbao. Frottoir nilizoziona karibu zina ukingo uliokunjwa tu bila waya, na pengine hivyo ndivyo inavyofaa kwa wepesi, lakini mimi sikuweza kuacha ukingo wa bati gumu karibu na shingo ya mtu bila waya. Kulabu za mabegani nimezipinda juu ya bomba la inchi mbili, kisha nikazishika kwa ripiti sita.

Mei

Nimeipeleka fulana kwenye dansi katika ukumbi wa parokia moja hapa mjini. Zydeco ya Houston imeishi kwa miaka mingi katika kumbi za namna hiyo, ambako familia nzima hucheza, babu hadi mjukuu. Jikoni kulikuwa na sufuria ya gumbo, mchuzi mzito wa unga uliokaangwa kwa mafuta hadi ukawa na rangi ya kahawa. Nilimwuliza mama aliyekuwa akipakua kama ipo isiyo na nguruwe, naye akanionyesha ile ya kuku na bamia. Bamia kwa Kimbundu cha Angola huitwa kingombo, na wengi wanakubali kwamba jina la mchuzi huo lilivuka bahari na watu waliouzwa. Nilikula bakuli mbili pamoja na wali, na ladha ya bamia ilinirudisha nyumbani moja kwa moja.

Mzee mmoja aliyepiga ala hii kwa zaidi ya miaka 30 aliomba kuiona. Hakuipiga kwanza. Aliigonga kwa kucha juu, katikati na chini, akasikiliza, kisha akaweka kidole juu ya tuta la 23 bila kuambiwa. Alisema ukingo wenye waya unalishika bati lisitetemeke, ndiyo maana sauti ya pembeni inakufa. Kisha akanivalisha, akanipa opena zake, na bendi ilipoanza akasimama nyuma yangu akinishika viwiko. Nilikuwa nasugua kila pigo. Alinizuia mkono wa kushoto kabisa, akauacha wa kulia ushuke pamoja na ngoma na kupanda kati ya mapigo, hadi nilipoanza kuisikia akodiani ikipumua katika nafasi niliyoiacha.

Juni, wiki ya kwanza

Nimetoa waya wa pembeni na kuubakiza shingoni tu. Pembeni nimekunja ukingo mara mbili na kuulainisha kwa tupa, na sauti imefunguka hadi mwisho wa bati. Tuta la 23 haliwezi kurekebishwa bila kuharibu la 22 na la 24, kwa hiyo fulana hii itabaki ya mazoezi. Bati la pili, sentimita 60 kamili, limeshakatwa, na simu nimeiacha ndani ya nyumba.