Kisu cha kwanza bila karakana

Kwa mnaotaka kuanza kufua visu na mfuko umebana: hela ya fuawe, lile pande la chuma la kufulia juu yake, iacheni kwanza. Kichwa cha nyundo kubwa ya kilo 5 kuendelea, kikichimbiwa imara kwenye gogo, kinatosha. Tanuri ni rimu ya gari iliyokandikwa udongo wa mfinyanzi, mkaa, na bomba la kupitisha upepo wa feni. Bomba lisiwe la mabati, jamani. Zinki ikiungua, moshi wake ni sumu.

Chuma kizuri ni bamba la springi ya gari. Nondo nyingi za ujenzi zina kaboni kidogo, hazishiki makali hata ukizichoma mpaka kesho.

Wengi huharibu kazi kwenye kuchovya, yaani kupoza kisu cha moto ghafla ili kiwe kigumu. Kabla ya hapo, acha ukingo wa makali na unene wa milimita 1.5 hivi, ukiuchonga mwembamba mapema, unapinda au kupasuka. Choma mpaka sumaku iache kushika, ongeza moto kidogo, kisha chovya kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi nyuzi 60. Ingiza ncha kwanza, wima, bila kuyumbisha kando. Maji yanapoza haraka mno, chuma hiki hupasuka. Mafuta yanaweza kuwaka, kwa hiyo chombo kiwe cha chuma na mfuniko uwe karibu.

Pitisha tupa: ikiteleza, kisu kimekuwa kigumu, ila bado ni chepesi kuvunjika. Usikiache kilale hivyo. Siku hiyohiyo kitie kwenye oveni nyuzi 200, saa moja, kipoe, halafu rudia.