Nilivyoweza kucheza gemu mbili za mtandaoni kwa kompyuta moja

Dota 2, gemu ya vita ya timu mbili za watu watano watano, inachosha kwa kitu kimoja: kusubiri. Seva za Afrika Kusini ndizo zilizo karibu na sisi wa Tanga, lakini mechi inataka watu kumi, na usiku wa katikati ya wiki watu hao hawapatikani upesi. Ukishaingia nako, ukiuawa unabaki kutazama wenzako wakipigana hadi muda wako uishe, na mechi ikishakomaa unaweza kukaa zaidi ya dakika nzima. Huo muda wa bure ndio nilioutafutia gemu ya pili, Old School RuneScape, ambayo unaendesha mtu wako akifanya kazi polepole.

Wanaoniuliza huanza na kompyuta: ina nguvu kiasi gani? Haina. Ni ya mezani, mtumba wa ofisini, prosesa yake ni Core i5, na haina kadi ya picha. Kilichonibeba ni kuoanisha gemu. Dota haina subira, ukizubaa kidogo tu umekwisha. RuneScape ni mpole: seva yake hupokea matendo kila baada ya sekunde 0.6, kwa hiyo mtandao ukisuasua kidogo wala hutajua. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikawa inarudi kwa kuchechemea, Dota haikuchezeka, ila mvuvi wangu aliendelea kuvua.

Maana kazi niliyompa huyo mtu wangu wa RuneScape ni uvuvi. Namsimamisha gatini Karamja, kisiwa cha ndani ya gemu, na mtego wake, anatoa kambakochi mmoja mmoja hadi mkoba wenye nafasi 28 ujae. Mama mdogo alipita nyuma yangu akasimama kutazama.

"Mwanangu, soko la samaki la Deep Sea liko hapo chini, wewe unavua samaki wa kwenye kioo?"

"Hawa hawanuki, mama."

"Na hawaliki vilevile." Akaenda zake.

Turudi kwenye mashine. Ilikuwa na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8, kipande kimoja. Kompyuta isiyo na kadi ya picha huchora kwa kukopa RAM hiyohiyo, kwa hiyo gemu mbili zikifunguka kila kitu kinagombania mlango mmoja. Fundi wa Ngamiani alitaka kuniuzia kipande kimoja cha GB 16 badala ya kile cha zamani. Nikakataa, nikachukua cha GB 8 kinachofanana na nilichonacho. Jumla ni ileile, lakini vipande viwili vikifanya kazi sambamba njia ya data inapanuka, na kwa mashine ya namna hii ndipo picha za Dota zinapoacha kukwamakwama. Kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua hicho.

Kilichobaki ni kuishindisha njaa gemu ya pili. RuneScape naifungua kwa RuneLite, programu ya kuichezea, ambayo ina kipengele cha kupunguza fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, dirisha likiwa nyuma. Nimeipa fremu 10 kwa sekunde. Mvuvi hahitaji zaidi. Dota nimeifunga kwenye 60, nayo inakaa kama dirisha lisilo na kingo, ili nikibonyeza Alt na Tab nihame bila kioo kuwa cheusi kwanza. Pia nimeiwekea ijilete mbele yenyewe mechi ikipatikana. RuneLite nayo hunipigia mlio mvuvi akisimama. Wapo wanaoshauri kugawa kori za prosesa, hizi za gemu hii, zile za ile. Nilijaribu, sikuona tofauti. Programu za kubofya zenyewe usiziguse kabisa, akaunti itafungiwa.

Bando ndilo watu wanaloliogopa, na wanaliogopa pasipo sababu. Gemu zikichezwa hazili kitu cha kutisha. Masasisho ndiyo yanayolamba. Steam, programu inayoshusha na kufungua Dota, husimamisha upakuaji ukiwa ndani ya gemu yake, lakini RuneLite haiijui. Nikiwa navua tu, Steam inaona sina kazi, inaanza kushusha magigabaiti. Nimeipangia isasishe saa za bando la usiku, na kwenye Windows nimeuwekea mtandao alama kuwa unapimwa, ili nayo isishushe masasisho yake ovyo. Intaneti yenyewe natoa kwenye simu kwa waya wa USB, ni tulivu kuliko waifai.

Faida nyingine ya simu ni pale umeme unapokatika. UPS yangu ndogo, betri ya akiba, inabeba kompyuta na kioo tu, mtandao unaendelea. Hapo nafanya haraka: naifunga RuneScape kwanza ili mashine ile umeme kidogo, kisha nawaambia wenzangu wa Dota tumalize upesi. Ukitoka kwenye mechi zaidi ya dakika tano inahesabika umeitelekeza. RuneScape haina shida hiyo, umeme ukirudi namkuta palepale gatini, na kambakochi wake mkobani.