Nilivyofundisha uchumi kwa video isiyo na jibu

Watoto wangu wa gredi ya tano hapa Lamu wametumwa sokoni tangu wakiwa wadogo. Bei ya samaki aina ya changu wanaijua. Kwa hiyo tulipofikia mambo ya biashara katika somo la jamii, sikuona haja ya kuwaandikia maana ya uhaba ubaoni wainakili. Nilichukua simu nikashuka pwani.

Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, ilikuwa imeshika. Kuanzia Aprili hivi hadi Septemba bahari huchafuka, vyombo vidogo vingi hubaki pwani na samaki huadimika. Jirani yangu mvuvi alikubali kurekodiwa akieleza shida yake. Amepata ndoo moja tu. Tajiri aliyemkopesha nyavu anaitaka papo hapo, kwa bei yake yeye. Hoteli moja kule Shela itatoa zaidi, ila kesho asubuhi, na friji hana, itabidi anunue barafu. Akaitazama kamera: "Sasa nifanyeje?" Nikakata hapo hapo.

Kukata huko ndiko kulikobeba somo zima. Video ikimaliza na jibu, watoto hulikariri wakaishia hapo. Hii iliwaachia kazi.

Projekta hatuna. Niliionyesha kwa kompyuta, kikundi baada ya kikundi, mara mbili: kwanza wasikilize, kisha waandike kila kinachohusu pesa. Somo lenyewe hufundishwa kwa Kiingereza, lakini mjadala niliuacha uende kwa Kiswahili, maana mtoto anayehangaika na maneno hoja humponyoka.

Wengi walichagua hoteli. Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hiyo barafu atainunua na nini, na samaki bado hajauza?" Darasa likalipuka. Mwenzake akaongeza: akimnyima tajiri leo, nyavu zikichanika kesho nani atamkopesha? Nikataka kila kikundi kiandike kile ambacho mvuvi atakikosa kwa uamuzi waliompa. Walipokwisha kuandika ndipo nilipowatajia jina la kitu hicho anachokikosa, gharama ya fursa, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Sasa natayarisha video ya gunia la viazi: boti kutoka Mokowe kule bara, mchukuzi wa gatini, punda mpaka dukani. Watatakiwa waseme kwa nini bei imepanda njiani, na mwenye duka anaweza kupunguza wapi bila kula hasara. Nitaikata kabla hajajibu.