Siku Tuliyokwenda Kumtazama Achilles Akifunga Bendeji

Aliyetutuma ni mzee wa chumba cha mwisho, pale tulipokuwa tukifanya kazi ya uuguzi Berlin, mwalimu mstaafu wa Kigiriki cha kale, ngozi yake imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Novemba 2022 alijigonga mkono wa kushoto kwenye ukingo wa kitanda, karibu na kiwiko, ngozi ikafunuka kama kifuniko cha bahasha. Shoga yangu ndiye aliyekuwa karibu, akamshughulikia yeye.

Kidonda cha namna ile hakitaki nguvu. Kwanza unakikandamiza kwa shashi mpaka damu ikatike. Kisha unakiosha kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yaliyopashwa yakawa vuguvugu kama mwili, kwani ya baridi yanamshtua mgonjwa na kidonda chenyewe kinachelewa kupona. Lile gamba la ngozi unalirudisha mahali pake kwa ncha ya kidole, glavu imeloa, unalisukuma bila kulivuta. Ukililazimisha lifike kingo zote, damu haipiti, na baada ya siku chache limekuwa jeusi. Juu yake unalaza wavu wa silikoni. Plasta ya gundi ni haramu hapo: siku ya kuibandua utaondoka na ngozi nzima iliyobaki. Halafu unachukua kalamu, unachora mshale juu ya kifuniko cha kidonda kuonyesha upande wa kubandulia, ili wa zamu nyingine asije akavuta kinyume akalifungua upya. Bendeji inaanzia chini, kwenye kifundo cha mkono, inapanda, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Anayeanzia juu anaziba njia, na vidole vinavimba kama mihogo. Ukifika kiwikoni unaukunja mkono wa mgonjwa kwanza, unapita kwa mizunguko ya namba nane, kwa sababu bendeji iliyofungwa mkono ukiwa umenyooka itakata mara tu atakapoukunja kula. Mwisho unabonyeza ukucha. Ukigeuka mweupe, wekundu urudi ndani ya sekunde mbili.

Shoga alifanya yote hayo bila kunitazama hata mara moja, na mimi nimesimama mlangoni. Mzee akauinua mkono wake, akaugeuzageuza, akacheka. Akasema nendeni Altes Museum, jumba la makumbusho la hapa Berlin, mkamwone Achilles, shujaa wa Wayunani katika vita vya Troy, akimfunga bendeji mwenzake Patroclus, mrudi mniambie kama anaijua kazi.

Nieleze tulivyokuwa wakati ule. Sote wawili tumetoka Mombasa, tumesomea uuguzi darasa moja, tumeingia Berlin mwaka mmoja. Mimi niliufaulu mtihani wa kutambuliwa cheti. Yeye sehemu ya vitendo ilimwangusha, kijerumani kilimkimbia mbele ya watahini, naye alikuwa akingoja kurudia. Kwa hiyo mimi muuguzi kamili, yeye msaidizi. Sheria ya uuguzi ya Ujerumani iliyoanza kazi Januari 2020 inasema kupima hali ya mgonjwa, kupanga huduma na kutathmini matokeo ni kazi ya muuguzi kamili peke yake. Tathmini ya kidonda kile, basi, ilikuwa yangu kuiandika. Lakini sheria haikunitaka niandike kwamba mikono iliyofunga ilikuwa yangu. Niliandika.

Tulikwenda Jumamosi iliyofuata. Jengo lile limejengwa na Karl Friedrich Schinkel, likafunguliwa 1830, lina nguzo 18 mbele zinazotazama uwanja wa Lustgarten. Tulipita sanamu zote bila kusimama, maana tulijua tulichofuata. Ni bakuli la mvinyo la udongo, pana na la kina kifupi, upana wake kiasi cha sentimita 32, lina mguu na vishikio viwili. Lilitengenezwa Athens karibu na mwaka 500 kabla ya Kristo, likafukuliwa Vulci, Italia, mwaka 1828. Mguuni limetiwa jina la mfinyanzi: Sosias. Picha yenyewe iko ndani, kwenye kitako, watu wawili wekundu juu ya ardhi nyeusi. Yaani mnywaji wa kwanza haioni. Anakunywa, mvinyo unashuka, ndipo watu wale wanaibuka mmoja mmoja kutoka chini.

Patroclus amekaa juu ya ngao yake, ndevu zimeenea, ameugeuza uso pembeni. Mdomo umefunguka kidogo na mchoraji ametia rangi nyeupe kwenye meno, kwa hiyo unaona kabisa mtu aliyeyauma meno kwa maumivu. Achilles yuko kulia, amechutama, kofia ya chuma kichwani, kidevu kitupu. Mkono uliojeruhiwa ni wa kushoto. Kitambaa cheupe kinapishana juu yake, na ncha bado ziko vidoleni mwa Achilles. Mshale umechorwa kando. Shoga alipouona akanigusa bega: "Hata huyu kachora mshale."

Ndevu zile na kidevu kile hazikuwekwa kwa urembo. Patroclus ndiye mkubwa kwa umri. Katika Iliad, shairi la Homer la vita vya Troy, kitabu cha 11, baba yake, Menoetius, alimuusia hivyo siku ya kuondoka: Achilles amekuzidi kwa nasaba na nguvu, wewe umemzidi umri, basi mpe shauri. Na ukubwa huo ulikuwa hauna nyumba. Utotoni, huko Opus, Patroclus alimuua mtoto mwenziwe, mwana wa Amphidamas, kwa hasira ya mchezo wa vifupa vya miguu ya kondoo, mchezo ulio jirani kabisa na mdako wetu. Baba akamtoa kwa aibu hiyo, akampeleka Phthia kwa mfalme Peleus, baba yake Achilles, akalelewa pale kama mtumishi wa heshima wa mwanawe. Mtoto wa bwana kwao, mfuasi kwa wenyewe.

Ukitaka kuujua ufuasi huo tazama mgeni anapokuja, kitabu cha 9. Achilles anaimba na kinubi. Patroclus ameketi mbele yake, kimya, anangoja amalize. Wajumbe wakiingia, Patroclus ndiye anayechochea moto, anayetandaza makaa, anayeweka mishikaki juu ya mawe na kunyunyiza chumvi. Wakati wa kula, Patroclus anagawa mkate vikapuni. Nyama anagawa Achilles. Aliyewahi kupakua kwenye shughuli za kwetu anaelewa tofauti ya anayepita na mkate na anayeshika nyama.

Tulisimama pale nikimweleza shoga haya, nami nilikuwa nimeyapata kwa mzee kipande kipande nikimwosha. Hoja yangu ilikuwa ile ya kila mtu, kwamba huyu aliyefukuzwa kwao lazima alikuwa na kijicho, roho ya kwa nini, akiamka kila siku ndani ya sifa za mwenzake. Nikamtolea ushahidi. Achilles amesusa vita, na Wayunani wanaposhindwa, Patroclus anakuja akilia, na Achilles anamdhihaki kwamba analia kama kitoto cha kike kinachomkimbilia mama na kumvuta nguo akipakate. Patroclus anaomba silaha za Achilles avae yeye, Watroy wamdhanie ni mwenyewe. Mtu anayetaka kuvaa umbo la mwenzake, nikasema, hiyo ni nini kama si kijicho?

Shoga akaniuliza Achilles alijibu nini.

Hapo nilisita, kwa sababu jibu lilikuwa upande wa pili. Achilles alimruhusu kwa sharti. Wafukuze kwenye merikebu, kisha urudi. Hata Zeus, mkuu wa miungu, akikupa ushindi, usitamani kupigana na Watroy bila mimi, utanipunguzia heshima yangu. Maneno hayo yako kitabu cha 16, na yanatoka kinywani mwa mtu mwenye merikebu 50 alizokuja nazo, wapiganaji 50 kila moja, mwana wa mungu wa kike, aliyekuwa hana wa kumlinganisha naye ufukweni pale. Akamwomba Zeus pia amjulishe Hector, shujaa mkuu wa Watroy, kama Patroclus anajua vita akiwa peke yake, au mikono yake huwaka pale tu anapotoka na Achilles. Mimi bado naisoma dua ile kama ya mtu asiyejua anataka jibu lipi.

"Yaani anamtuma vitani," shoga akasema, "halafu anamwambia asing'are."

Sikumjibu. Alikuwa akitazama bakuli. Wenyewe wa pwani wanatenga wivu na kijicho: kijicho unakodolea cha mwenzio, wivu unalinda chako. Nilikuwa nimekuja na neno moja, na mwenye lile la pili ndiye aliyeshika bendeji.

Ili nisinyamaze nikaendelea na silaha. Patroclus alivaa vyote vya Achilles ila mkuki mmoja, ule wa mti kutoka mlima Pelion, aliopewa Peleus na Chiron, yule nusu mtu nusu farasi. Mzito, hapakuwa na Myunani mwingine aliyeuweza. Akachukua mikuki miwili iliyomwenea mkononi. Akawafukuza Watroy, akamuua Sarpedon, mwana wa Zeus aliyekuwa upande wao, akasahau sharti. Mara tatu alivamia, kila mara akiua watu tisa. Ya nne mungu Apollo alimpiga kofi mgongoni, kofia ikaanguka, mkuki ukavunjika, kifuani akabaki wazi, Euphorbus, Mtroy, akamchoma kwa nyuma, Hector akamalizia.

Lakini shoga alikuwa hataki tena vita. Alitaka kujua nani aliyekuwa mganga. Nikamwambia shairi halina tukio hili la kwenye bakuli hata kidogo. Katika shairi anayetibu ni Patroclus. Myunani mwenzao Eurypylus ana mshale pajani, na waganga wawili wa jeshi, mmoja yuko vitani na mwingine kajeruhiwa. Patroclus anamlaza juu ya ngozi za ng'ombe, anaukata mshale kwa kisu, anaosha damu kwa maji vuguvugu, anaponda mzizi mchungu viganjani na kuupaka, damu inakauka. Dawa alifundishwa na Achilles, naye Achilles na Chiron. Shoga akatikisa kichwa. "Maji vuguvugu," akasema, kama aliyekuta jina la mtu wa kwao.

Jumatatu ilikuwa siku ya kubadili kifuniko. Nilimwachia shoga trei, mimi nikaushika mkono wa mzee. Akabandua kufuata mshale, akilowesha kingo. Gamba lilikuwa limeshika, isipokuwa pembe moja, chini ya sentimita moja, iliyokuwa imegeuka rangi ya zambarau. Mzee akauliza habari za Achilles.

"Macho yake yote yako kwenye kitambaa," shoga akamwambia. "Mwenzake ameuma meno, yeye hamtazami. Kucha za mgonjwa hakuzibonyeza. Kwenye mtihani wa huku wangemwangusha."

Mzee alicheka mpaka nikalazimika kuukaza mkono. Nikaenda kwenye kompyuta, nikaandika tathmini na ile pembe ya zambarau, na mahali pa aliyefunga nikaandika jina la shoga. Maandishi ya siku ya kwanza hayabadiliki yakishahifadhiwa. Yale bado yana jina langu.