Usiku na matsutake

Jana usingizi ulinikimbia kwa ajili ya uyoga, mnicheke tu. Nilikuwa napekua kumbukumbu za vielelezo vya matsutake (uyoga wa msituni unaothaminiwa sana Japani) vilivyotunzwa makumbusho: uyoga mkavu, umesinyaa ndani ya bahasha, na lebo ya mahali, tarehe na mti wa jirani.

Hapo kwenye mti ndipo utamu ulipo! Japani na Korea ni misonobari mitupu karibu kila lebo. Ukifika Yunnan, China, inaingia mialoni. Halafu kuna vielelezo vya Norway: uyoga uleule, ila ulipewa jina lingine la kisayansi mwaka 1905, miaka 20 kabla ya ule wa Japani kupewa jina la matsutake kisayansi. Ukitafuta kwa jina moja tu, nusu ya habari inakupita.

Tangu 2020 uyoga huu umo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini.