Siku moja maabara Moshi: kutafuta dawa mpya ya malaria

Saa 11:30 alfajiri. Vimelea vya malaria havina Jumapili. Plasmodium falciparum akishaingia kwenye chembe nyekundu ya damu hukua, hugawanyika na kuipasua ndani ya takribani saa 48, na sisi tunaomfuga maabara tunapanga zamu kwa kumfuata. Leo zamu ni yangu. Nimepanda bodaboda kutoka Pasua, daladala bado hazijaanza kujaa.

Saa 12:15 asubuhi. Kitu cha kwanza ni joto la inkubeta, kabati tunamofugia vimelea: nyuzi 37, kama mwilini. Halafu nachukua tone kutoka kwenye flaski, napaka kwenye slaidi, natia rangi ya Giemsa na kukaa kwenye darubini. Nataka vimelea vichanga, tunavyoviita pete. Vipo vingi, ila na vikubwa vimo, na nikivipa dawa vikiwa vya umri mchanganyiko sitajua imefanya kazi kwa vipi. Basi naviosha kwa sorbitoli, aina ya sukari, ya asilimia 5 kwa dakika kumi. Chembe zenye vimelea vikubwa zinapasuka, zenye pete zinabaki.

Wanasayansi Trager na Jensen ndio walioonyesha, mwaka 1976, jinsi ya kufuga kimelea huyu mfululizo nje ya mwili. Oksijeni waliipunguza kwa kuwasha mshumaa ndani ya chombo kilichofungwa. Mpaka leo maabara iliyoishiwa gesi inaweza kufanya hivyo, na mimi naheshimu sana ugunduzi wa namna hiyo.

Saa 3. Chai na chapati. Mwanafunzi wetu ananiuliza, "Dada, mbona tunahangaika na dawa mpya na mseto unatibu?"

Nikamwambia klorokwini nayo ilitibu. Tanzania iliiacha mwaka 2001, ikaja SP (sulfadoksini na pirimethamini), nayo ikazidiwa, ndipo tukaingia kwenye mseto wa ALu, yaani artemeta, ya jamii ya artemisinini, pamoja na lumefantrini. Sasa mkoani Kagera, hasa Karagwe, vimepatikana vimelea vyenye badiliko la R561H kwenye jini ya K13, ambalo huifanya artemisinini ichelewe kuvimaliza mwilini. Mseto bado unaponya. Lakini dawa mpya huchukua zaidi ya miaka kumi kutoka mezani kwetu hadi dirisha la dawa, na mwaka 2023 pekee malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, wengi wao watoto wa Afrika walio chini ya miaka mitano. Tukisubiri mseto ushindwe ndipo tuanze, tutakuwa tumechelewa.

Saa 5 hadi saa 8 mchana. Pipeti. Sahani zina visima, yaani vishimo vidogo, 96, na kila molekuli tunayoipima kama dawa naipunguza nguvu hatua kwa hatua, kisima hadi kisima. Najaribu kwa koo mbili za kimelea: 3D7, inayouawa na klorokwini, na Dd2, iliyo sugu kwake. Mgongo unauma, na kuongea hakuruhusiwi.

Saa 9 alasiri. Sahani za siku tatu zilizopita ziko tayari. Tunatumia rangi ya SYBR Green, inayong'aa ikishikana na DNA. Chembe nyekundu ya damu ya binadamu haina kiini, kwa hiyo DNA inayong'aa ni ya kimelea. Kisima kiking'aa hafifu, dawa imefanya kazi.

Molekuli moja imeziangusha koo zote mbili kwa dozi ndogo. Ila majibu ya seli za ini la binadamu nayo yamefika: zimekufa karibu kwa dozi ileile. Nimeiondoa kwenye orodha. Kuua kimelea si kazi, hata jiki inaua. Kazi ni kumuua na kumwacha mtoto mzima, na hapo ndipo molekuli nyingi zinapoishia.

Saa 12:30 jioni. Pasua, kwa mama anayeniuzia ndizi. Mjukuu wake alikutwa na malaria, akaanzishiwa mseto juzi jioni.

"Shikamoo mama. Mtoto anaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu. Anacheza! Vidonge vilivyobaki nimeviweka, akiugua tena nisihangaike."

Nikaweka mkoba chini. Dozi ni sita kwa siku tatu, mama, na homa hushuka kabla vimelea havijaisha. Vilivyosalia ni vile vilivyohimili dawa zaidi. Akaenda kuleta paketi, tukahesabu pamoja: zimebaki dozi mbili. Moja atampa sasa hivi baada ya uji wa maziwa, maana lumefantrini hufyonzwa vizuri ikiwa na mafuta, na nyingine kesho asubuhi kabla hajaenda chekechea.