Namna nilivyomfikisha mama Ujiji kwa gari

Kila niliyemweleza kwamba nataka kumpeleka mama Ujiji kwa gari alinipa hesabu ile ile ya siku mbili: tutoke Dar es Salaam alfajiri, tukalale Dodoma, na magharibi ya siku ya pili tuwe Kigoma. Aliyeshikilia zaidi ni ami yangu, ambaye kwa miaka mingi aliendesha lori la mizigo huko Bara, na kwa kuwa ni mtu mzima anayezijua njia zile, sikuthubutu kumbishia. Nayaandika haya sasa kwa kuwa safari imekwisha salama, na kwa kuwa bado roho inaniuma nikikumbuka jinsi ushauri ule ulivyokaribia kumkatisha mama tamaa ya jambo alilolitamani tangu utotoni.

Mama ana miaka 72. Bibi yake mzaa mama alitoka Ujiji, akaolewa Unguja na kuzikwa Unguja, na hadithi zake za usiku, nyumbani kwao mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, zilikuwa za ziwa lenye mawimbi kama ya bahari lakini maji yake yananyweka, na za samaki waitwao migebuka ambao mama hajapata kuwaona.

Mara ya kwanza tuliondoka mwezi wa Machi, kwa hesabu ya ami. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa njiani, na hadi kunapambazuka tumekwama katikati ya malori upande wa Kibaha, tukasogea hatua kwa hatua mpaka Mlandizi. Saa zilizopotea pale nikataka kuzifidia mbele, kwa hiyo sikusimama Chalinze, na Morogoro nilisimama kwa ajili ya mafuta tu. Mama aliposhuka kujinyoosha niliona miguu yake imevimba hata ukanda wa kiatu umezama katika nyama, naye akaniambia, "Twende mwanangu, usijicheleweshe kwa ajili yangu." Tuliingia Dodoma saa nne usiku, hatukuona kitu wala kuzungumza na mtu. Siku ya pili mvua ilitunyeshea tangu Bahi, na tulipofika Manyoni mama alikuwa anatapika na kichwa kinamgonga. Muuguzi wa zahanati alimpima, akamuuliza lini mara ya mwisho alikunywa maji, na mama akanyamaza. Alipoulizwa mara ya pili alikiri kwamba tangu Dar es Salaam alikuwa akilowesha midomo tu, ili asilazimike kuniomba nisimamishe gari akajisaidie. Tuligeuza palepale. Mpaka Dodoma alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, na mimi nilijua kwamba kosa ni langu, kwa sababu nilipanga safari ya gari nikamsahau aliyemo ndani yake.

Baada ya hapo niliacha kuuliza siku ngapi, nikaanza kuuliza tusimame wapi. Nilinunua ramani kubwa ya Tanzania, ile ya kutundikwa ukutani skuli, nikaitandaza juu ya mkeka sebuleni. Mama hushona kofia, na wazo la uzi lilikuwa lake. Alichukua uzi mweupe wa kofia, tukaulaza juu ya barabara kona kwa kona, kisha tukapima kwa kipimo cha ramani na kufunga fundo kila penye kilomita 120. Kwangu hizo ni saa mbili za barabarani, maana vijijini alama za 50 zinafuatana na askari wa usalama barabarani hawana mchezo. Kanuni yetu ilikuwa kwamba kwa kila fundo mama ashuke, anywe maji na apate choo, na kwamba mafundo mawili yanamtosha kwa siku. Siku ambayo njia inabakiza kipande cha fundo la tatu, tuwe tumefika kabla ya alasiri kumalizika. Huo uzi umenifaa kuliko ramani ya simu, kwa sababu simu hukupa saa za gari, na uzi ulinipa saa za mama.

Tulipoutazama, tuliona kwamba mafundo yetu yanaambaa na njia ya kale ya misafara, iliyotoka pwani ya Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji, ile waliyoitembea wapagazi wenye pembe za ndovu mabegani na mateka walioletwa kuuzwa katika soko la Unguja. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke, walioondoka Unguja Juni 1857, walifika Ujiji Februari 1858. Tangu hapo sikuhitaji tena kutafuta vituo, nilivifuata vilivyokuwapo.

Bagamoyo ndipo nilipopata ufumbuzi wa ile foleni, na hili nalisema kwa fahari kwa sababu hakuna aliyenifundisha. Tulivuka kutoka Unguja kwa boti ya asubuhi mwezi wa Agosti, tukachukua gari la kukodi, na badala ya kulala Dar es Salaam tulikwenda kulala Bagamoyo. Kutoka hapo kuna barabara ya lami ya kilomita 64 hadi Msata, na Msata unateremka Chalinze, kwa hiyo Kibaha na Mlandizi zote unaziacha pembeni. Kabla ya kuondoka tulizuru magofu ya Kaole, na mama akasoma Fatiha kwenye makaburi ya kale. Mchana tuko Morogoro, miguu yake haina hata uvimbe.

Gari lenyewe nilikodi kwa laki moja na kidogo kwa siku, na mafuta ya kwenda yalikula laki nne na ushei. Kagueni tairi la akiba kabla ya kutia saini, kwani la kwetu lilikuwa limelika hadi nyuzi zinaonekana, na aliyetukodisha alidai kwamba halitumiki mara kwa mara. Nilikataa kuondoka hadi likabadilishwa.

Morogoro hadi Dodoma tulisimama Gairo, halafu Kibaigwa penye soko la mahindi. Siku iliyofuata tulipita tambarare ya Bahi yenye mashamba ya mpunga, na barabara ilipoanza kupanda kuelekea Manyoni mama akaniambia nipunguze mwendo. Nilidhani anaumwa. Alitaka kuiona ile zahanati. Tulilala Manyoni kwa makusudi, tukampelekea yule muuguzi halua niliyoibeba kutoka nyumbani. Beba halua, inafungua milango mingi huko Bara.

Kutoka Itigi kwenda mbele ni kichaka kizito, kisha misitu ya miombo, na vituo vya mafuta ni vya kuhesabika, kwa hiyo jaza tangi Manyoni. Kila usiku niliwapigia simu wenye nyumba ya wageni ya mbele yetu, nikiwauliza gari la mwisho lililoingia leo limetoka wapi na limefika saa ngapi. Jibu la swali hilo hukujulisha hali ya barabara kuliko kuuliza kama barabara ni nzuri, maana kila mtu atakwambia ni nzuri.

Tabora tulikaa siku mbili. Nje ya mji, Kwihara, lipo tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, walimokaa Livingstone na Stanley, na wageni wengi huenda kwa ajili yao. Mama hakuzijali sana habari za wawili hao. Alisimama mlangoni, kwa sababu mlango ni wa kuchongwa, wa mbao nzito, kama milango tuipitayo kila siku Mji Mkongwe. Aliupapasa kwa kidole, akasema, "Huu mkono naujua." Nje alinunua asali, lita tatu, na tangu hapo gari zima lilinukia nta.

Tabora hadi Kigoma ni kama kilomita 400, na tulipopita sisi vilikuwapo vipande vya vumbi. Tuligawa kwa kulala Kaliua, asubuhi tukavuka Malagarasi kwa Daraja la Kikwete, na Uvinza tukanunua chumvi, biashara iliyokuwapo pale hata kabla ya misafara.

Niliweka siku moja ya akiba ambayo haikupangiwa kitu, na ikatumika Ujiji. Tulikwenda kwenye mnara ulio chini ya miembe, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, kisha tukateremka mitaani kuelekea ziwani. Mbele ya nyumba moja bibi mtu mzima alikuwa akianika dagaa. Mama alimwamkia, bibi akaitikia, akamtazama kanga yake, akamuuliza kwao wapi. Mama alisema, "Unguja, lakini bibi yangu wa hapa hapa," akamtaja jina. Bibi hakulijua jina hilo, lakini alikunja mkeka wa dagaa upande mmoja, akapangusa nafasi kwa kiganja, akasema, "Basi kaa." Walikaa mpaka adhana ya alasiri, na mchana huo mama alikula migebuka kwa mara ya kwanza.